Mwaka Majirani Waliponiachia Pointi

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali na kadi mkononi, sogea kidogo nami nikae. Nimekaa sana kwenye mabenchi hayo, na ninajua kwamba pale mtu hataki kufundishwa namna ugonjwa unavyosambaa mwilini. Anataka kujua nywele zitarudi lini, na kama chakula kitakuwa na ladha tena. Hayo nitayasema. Nitasema pia habari za mchezo mmoja wa ajabu, maana bila huo ningekuwa na dripu tu za kusimulia.

Naitwa Veronika. Watu wananiita Mama Jeni, kwa jina la binti yetu ambaye ameolewa Geita. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kipo Kabanga, hatua chache kutoka mpaka wa Burundi, na nyumba yetu ipo Mabawe. Nina mdomo. Nalisema hili mapema ili usije ukashangaa mbele ya safari.

Uvimbe niliugundua wakati wa kupanda maharage, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha. Nilikuwa naoga baada ya kutoka shamba, nikapitisha sabuni kwenye titi la kulia, mkono ukakwama kwenye kitu kigumu, kidogo, kadiri ya harage lenyewe. Nilinyamaza mpaka maharage yakatoa maua. Usifanye hivyo, tafadhali. Nilijiambia ni jipu, kana kwamba nimesomea udaktari. Nilipomwambia mume wangu Gervas, alichukua panga akaenda kumkatia ng'ombe majani, na ng'ombe alikuwa ameshakula.

Hospitali ya wilaya walinipeleka hospitali ya kanda, Mwanza, na majibu yakasema ni saratani. Titi liliondolewa kabla ya Krismasi. Baada ya hapo ikawa dripu, moja kila baada ya wiki tatu, dripu sita. Ninaposema "wakati wa dripu ya pili" au "dripu ya tano", Gervas anaelewa kuliko ningetaja mwezi.

Kwenye kliniki ile benchi ni refu, na mtu wa mbele akiitwa wote mnasogea nafasi moja. Ubao umesuguliwa na makalio ya watu mpaka unang'aa. Siku ya dripu ya kwanza nilikaa karibu na mama mmoja mwenye hijabu ya kijani, mkulima wa Biharamulo, jina lake Zuhura. Aliniangalia, akaangalia kifua changu, akafungua kitambaa akanipa kipande cha tangawizi.

"Tafuna hiyo, itakusaidia kichefuchefu. Wewe wamekukata upande gani?"

"Kulia."

"Mimi kushoto. Tukishikana tunatoa mtu mmoja mzima."

Nilicheka mpaka nesi akatugeukia. Sikuwa nimecheka tangu maharage yatoe maua.

Dawa yenyewe ni nyekundu kama juisi ya rozela, na inatoka mwilini nyekundu vilevile. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilipiga kelele chooni nikidhani ninakufa, na Zuhura alikuwa nje ya mlango anajishika mbavu kwa kicheko. "Ningekuambia," alisema, "ila mimi mwenyewe hakuna aliyeniambia, nikaona tuwe sawa."

Nywele zilitoka kabla ya dripu ya pili. Nilivua kitambaa asubuhi, zikabaki ndani ya kitambaa. Kucha zikawa nyeusi. Ugali ukawa na ladha ya sarafu, na harufu ya kitunguu kikikaangwa ilinikimbiza nje ya nyumba. Anayekaanga alikuwa Gervas, ambaye kwa miaka ishirini na mbili ya ndoa sikuwahi kumwona jikoni. Alijifunza. Chumvi aliweka kwa mikono miwili, lakini alijifunza, na hakukubali ninyanyue hata kikombe. Mwanzo niliona ni mapenzi. Kufikia dripu ya nne nilitamani kumrushia hicho kikombe. Ukipita mahali hapo, jua kwamba hata nyumba zenye upendo zinapita hapo, na kwamba mgonjwa naye ana haki ya kukasirika.

Safari za mwanzo kwenda Mwanza tulivuka ziwa kwa kivuko, za mwisho tukapita juu ya daraja. Nilimaliza mionzi wakati wenzangu nyumbani wanavuna kahawa. Ngozi ya kifua ilikuwa nyeusi kama ukoko. Nikarudi Mabawe na mkono wa kulia uliovimba, usioweza kupanda juu ya bega. Nilipojaribu kukaa kwenye cherehani, nilishindwa kusukuma kitambaa. Nikaifunika na shuka, kama watu wanavyofunika kioo kwenye msiba.

Sasa lazima nikueleze desturi ya mlima wetu wa Mabawe, maana mambo yote yanatokea hapo. Kwetu mtu akiugua sana, majirani wanambeba. Zamani walimbeba kwa machela mabegani, siku hizi wanachangia gari, wanapalilia shamba lake, wanakaa naye kwa zamu. Akipona, nyumba yake inatengeneza urwagwa, pombe yetu ya ndizi, inawaita wote waliombeba, na mgonjwa anasimama mbele yao anasema ameinuka. Kabla ya siku hiyo bado ni mgonjwa, hata kama anaruka kamba. Na mgonjwa habishiwi. Anasemeshwa polepole, anakubaliwa kila kitu.

Jirani yangu Dativa ndiye aliyenitisha zaidi. Tumekuwa tukigombana tangu tukiwa wasichana: mipaka ya shamba, kuku, bei ya kushona sketi. Wazazi wake walitoka Burundi, na yeye anauza dagaa pale Kabanga kwa sauti inayosikika ng'ambo ya mpaka. Sasa alikuwa anaingia kwangu kwa kunyata. Siku moja, ili kumjaribu tu, nikamwambia Bujumbura iko Rwanda.

"Ego, Mama Jeni," akasema taratibu, yaani ndiyo. "Pumzika."

Alipoondoka nililia. Nilikuwa nimepoteza titi na nywele, lakini kugombana na Dativa ndiko nilikokukosa kuliko vyote.

Aliyenitoa nyumbani ni Sista Redempta, nesi wa zahanati ya misheni. Alikuja kunipima mkono, akanifundisha kuupandisha ukutani kwa vidole, na kila asubuhi niweke alama kwa chaki yangu ya ufundi pale vidole vilipofika. Wiki mbili chaki haikupanda. Sista akaona nimeanza kudanganya kwa kusimama kwenye ncha za vidole vya miguu, akasema ukuta haunifai, ninahitaji mpira.

Sista alisoma nchi za mbali miaka miwili, na huko wazee walikuwa wakicheza mchezo unaoitwa pikoboli. Alirudi na vibao viwili vya mkononi, vipana kuliko mwiko, na mfuko wa mipira ya plastiki yenye matundu. Mnasimama wawili huku na wawili kule, wavu katikati unafika kiunoni, mnarushiana. Uwanja ni mdogo, hakuna kukimbia sana, na mpira ule hauna nguvu ya kumuumiza mtu. Kilichokosekana ni uwanja, na uwanja tulikuwa nao: sakafu ya saruji ya chama cha msingi ya kuanikia kahawa, ambayo msimu ukiisha inabaki kulala watu wakikatiza juu yake.

Seremala wa kijiji alichonga vibao vingine kwa mbao za plaiwudi. Wavu niliushona mimi kwa magunia ya vitunguu, mkono wa kushoto ukisukuma, wa kulia ukishikilia tu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu upasuaji, na imepinda. Bado tunautumia.

Tulikubaliana Jumapili alasiri. Wakatoliki wametoka misa, Wasabato wana nafasi, Waislamu wanaenda kuswali na kurudi. Mwanzo tulikuwa wanne, baada ya mwezi hukuweza kupata pa kukaa ukingoni. Watu walileta viazi vitamu, uji, mahindi ya kuchoma. Wabadilisha fedha wa mpakani walikuja na viatu vyao vilivyochongoka, wakavivua. Sista alipoeleza kwamba eneo la karibu na wavu linaitwa jiko, na kwamba ukisimama humo huruhusiwi kupiga mpira kabla haujadunda, Gervas alisema yeye ana uzoefu wa jiko na akaomba kucheza.

Sheria nyingine tuliiongeza sisi. Njia ya kwenda kisimani inapita kando ya saruji ile, na mzee akipita huwezi kuendelea kurusha mipira kama huna wazazi. Basi mchezo unasimama. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Hamjambo? Nyumbani je?" Mpira ukiwa hewani wakati wa shikamoo unarudiwa. Kuna mzee mmoja aligundua jambo hilo, akawa anapita hasa pale timu ya mjukuu wake inapokaribia kufungwa.

Mimi nilianza kwa mkono wa kushoto, kisha polepole nikahamisha. Mpira ukija juu unasahau kwamba mkono haupandi, unaupandisha. Ndani ya miezi miwili ile chaki ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa changu, na baadaye juu ya mlango. Kuanzia Krismasi cherehani ikawa wazi tena.

Nikuambie na kisa cha titi. Nilikuwa nimejishonea la kitambaa, nikalijaza mtama ili lipate uzito. Kwa kukaa lilikuwa zuri sana. Jumapili moja nilijinyoosha kuufuata mpira, mshono ukaachia, titi likaruka likadunda mara moja kwenye saruji na kumwaga mtama mpaka jikoni. Watu walitazama juu kwenye milima. Nilijiziba upande ule kwa kibao. Sista Redempta akaweka mikono kiunoni akasema kwa sauti ya darasani, "Sheria inasema mpira mmoja tu uwanjani."

Aliyeanza kucheka ni mimi. Kuku wa jirani wakaja kula mtama, na tangu siku hiyo sikuvaa kitu upande ule wakati wa mchezo. Hakuna aliyejali.

Na nilikuwa nashinda! Hilo ndilo nililojivunia. Niwekwe na nani, nicheze na nani, nilishinda. Nilimwimbia Dativa mbele ya ndoo zake za dagaa, nikamwambia mkono wangu mmoja ni sawa na miwili yake. Yeye alitabasamu. Hapo ningepaswa kushtuka, lakini kiburi hakina masikio.

Mwezi wa tatu Zuhura alikuja kunitembelea kutoka Biharamulo, nywele zake zimerudi na mvi ambazo hazikuwepo. Nikampeleka uwanjani kwa majivuno, akaketi ukingoni anakula hindi, akaniona namfunga Dativa kumi na moja kwa nne. Nikamwendea natweta.

"Umeona?"

"Nimeona," alisema. "Wanakuachia."

"Nani?"

"Wote, dada yangu. Yule mama anapiga kama radi akicheza na wengine. Mpira wako anausindikiza kama mgeni. Hata mumeo anakuachia. Huoni kweli?"

Nilimgeukia Dativa nikamuuliza hapo hapo. Hakukana. Aliangalia miguu yake.

"Mgonjwa hafungwi, Mama Jeni. Hujatuita bado. Ukituita, nitakupiga vizuri."

Alisema kwa wema kabisa, na hilo ndilo lililoniuma. Miezi sita ya ushindi wangu ilikuwa uji wa mgonjwa. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo kuliko siku nilipoambiwa majibu, maana siku ile angalau waliniambia ukweli.

Sasa uone tatizo lilipo. Malaria ina mwisho. Mguu uliovunjika una mwisho. Ugonjwa huu wangu hauna mtu wa kukupigia kengele. Kliniki iliyofuata nilimuuliza daktari kijana, macho kwa macho, "Nimepona?"

"Mama, sisi tunasema kwamba hatuoni kitu. Endelea na vidonge miaka mitano, na uje kila baada ya miezi mitatu."

Miaka mitano ya kuambiwa ndiyo! Nikaamua tutengeneze urwagwa hata hivyo. Lakini kwetu urwagwa ni kazi ya mwanaume: yeye ndiye anayechagua mikungu, anayechimba shimo la kuivishia ndizi, anayekamua. Hakuna Gervas, hakuna sherehe. Nilimfuata kwenye migomba alasiri moja, akipunguza majani makavu.

"Hapana," alisema kabla sijamaliza.

"Kwa nini?"

"Daktari hajasema umepona. Ukisimama mbele ya watu ukasema umeinuka, halafu kikarudi? Tutakuwa tumekiita."

"Kikirudi nitaumwa tena, Baba Jeni. Lakini unataka niumwe kuanzia leo, nikikisubiri?"

Aliendelea kukata. Akakata hata jani bichi. Kisha akasema bila kunigeukia, "Wewe siku ya upasuaji ulikuwa umelala. Mimi nilikuwa nje ya mlango. Saa tano nzima. Kila mlango ulipofunguka nilisimama. Mimi bado nimesimama pale, Vero."

Hakuwa ameniita Vero tangu Jeni azaliwe. Mwaka mzima nilikuwa nimehesabu mambo niliyopoteza mimi, na yeye alikuwa anapika, anatia chumvi nyingi, anasimama mlangoni. Nilimwendea nikamshika mgongo. Sikumbembeleza wala sikumbishia, na kwa mimi hilo si jambo dogo. Nilimwambia tu kwamba mlango ule ulishafunguka na mimi nilishatoka.

Wiki moja ikapita. Kahawa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu mitini, na ikianikwa tusingekuwa na uwanja mpaka msimu uishe. Asubuhi moja nilipotoka kufagia niliona udongo mpya nyuma ya nyumba na majani ya migomba yamefunika shimo. Gervas alikuwa ananawa mikono.

"Ni ndizi tu," alisema. "Zinaiva."

Nilifagia uwanja wa nyumba mara mbili.

Siku ya sherehe walikuja wote, wa Mabawe, wa Kabanga, hata wawili waliohamia Bukiriro ambao walinipalilia mahindi wakati wa dripu ya tatu. Zuhura alikuja na dada zake. Kwao na kwa Wasabato Gervas alitenga umutobe, juisi ya ndizi kabla haijachacha. Mtungi uliwekwa ukingoni mwa saruji, mirija ikasimamishwa. Nilisimama nikiwa nimeandaa maneno mengi, yakapotea yote. Nikasema, "Mlinibeba. Nimeinuka. Daktari anasema haoni kitu, na mimi nawaona ninyi. Asanteni." Gervas alivuta mrija wa kwanza huku machozi yanamtoka mbele za watu, akanipa nami nikaonja.

Halafu tukacheza. Mimi na Zuhura upande mmoja, Dativa na Sista Redempta upande wa pili.

Mpira wa kwanza wa Dativa ulinipita sikioni, nikasikia upepo wake. Wa pili uligonga kibao changu kikaanguka. Wa tatu sikuuona. Nilikuwa sijawahi kukutana na mwanamke yule uwanjani, na alikuwa jirani yangu wa miaka thelathini. Zuhura alipiga kelele, "Amka, wewe, hapa si kliniki!" Nikakaza. Nilitokwa jasho, mkono ukauma maumivu mazuri ya kazi, lakini walikuwa na pointi kumi na sisi mbili.

Hapo nikaupata mmoja vizuri. Niliupiga kwa mkono wa kulia kutoka juu kabisa ya kichwa, ukaenda kasi hadi nyuma ya Dativa, karibu na mstari wa chaki.

"Umetoka!" Dativa akasema.

"Umeingia!"

"Umetoka, Mama Jeni!"

"Umegusa mstari, nimeuona!"

"Mwongo wewe! Mwongo mkubwa! Mpira umetua huku kwenye majani, kila mtu ameuona!"

Dativa alijiziba mdomo kwa kiganja. Kwa mwaka mzima hakuna aliyepandishiana nami sauti, na kwa mazoea tu macho yote yakaenda kwa Gervas, mwenye mgonjwa. Aliweka mrija chini, akainuka. Alikuja taratibu mpaka kwenye mstari, mikono nyuma, akainama akaangalia majani, akaangalia chaki. Kisha akaniangalia mimi kwa muda mrefu.

"Umetoka, mke wangu," alisema. "Kwa kiganja kizima."

Na kweli ulitoka. Mimi mwenyewe niliuona. Tulifungwa kumi na moja kwa mbili. Nikabisha kwa sauti yote niliyo nayo mpaka mtungi ukaisha, na hakuna hata mtu mmoja aliyekubaliana nami.